Lugha ya Mwamuzi na Haki ya Mfanyabiashara wa Mombasa

Katika miaka ya hivi karibuni wataalamu wa sheria za biashara ulimwenguni wamejishughulisha mno na utafiti wa jambo ambalo magazeti yetu huliita usuluhishi wa kibiashara wa kimataifa. Maana yake, kwa ufupi, ni kwamba wafanyabiashara wa nchi mbalimbali wanapotia saini mkataba hukubaliana mapema kuwa wakizozana hawatakwenda katika mahakama za nchi ya yeyote kati yao, bali watamteua mtu mmoja, au jopo la watu watatu, awasikilize faraghani na kutoa uamuzi utakaowafunga wote. Mimi si mwanasheria. Kazi yangu ni isimu, na nimekuwa nikiyafuatilia maandishi hayo kwa sababu moja tu: kila ukurasa wake unahusu maneno, na hata hivyo ni nadra kumwona mwandishi anayeuliza maneno hayo ni ya lugha ya nani. Swali hilo, kwa maoni yangu, linatuhusu sisi wa kisiwa cha Mombasa kuliko linavyowahusu wengi wanaoandika vitabu hivyo.

Mwelekeo wa utafiti wenyewe umebadilika sana. Kizazi kilichotangulia kilishughulika na kufasiri vifungu. Kiliuchambua Mkataba wa New York wa 1958, ambao kwao uamuzi uliotolewa Paris unaweza kutekelezwa Mombasa, na kikaichambua sheria ya mfano iliyotungwa 1985 na tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara, ambayo Kenya iliifuata ilipotunga sheria yake ya 1995. Kizazi cha leo kinahesabu. Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London, kikishirikiana na kampuni ya mawakili ya White & Case, huwauliza wahusika ni miji gani wanayoipenda kwa mashauri yao. Katika uchunguzi wa 2021, ambapo kila mhojiwa aliweza kutaja zaidi ya mji mmoja, London na Singapore zilifungana kwa asilimia 54, Hong Kong ikapata 50, Paris 35 na Geneva 13. Hapana mji wa Afrika katika orodha hiyo ya mbele. Ndiyo maana chuo cha SOAS, cha London vilevile, kilianza mwaka 2018 kutoa uchunguzi wake kuhusu Afrika, kikiuliza Waafrika wangapi huketi katika majopo, na vituo vyetu, kama kile cha Kigali kilichofunguliwa 2012 na cha Nairobi kilichoundwa kwa sheria ya 2013, vinapata mashauri gani. Tangu janga la korona la 2020 wengine wamegeukia mashauri yanayosikilizwa kwa video. Wengine wanatafiti rushwa.

Katika utafiti huo wa rushwa Mombasa ina jina kubwa, ingawa wenyewe hatuna habari. Tarehe 4 Oktoba 2006 jopo la waamuzi watatu, likiongozwa na Gilbert Guillaume, lilitoa uamuzi katika shauri la kampuni ya World Duty Free dhidi ya Jamhuri ya Kenya. Shauri lilihusu maduka yasiyotozwa ushuru katika viwanja vya ndege vya Nairobi na Mombasa, chini ya mkataba wa 1989. Mkuu wa kampuni iliyodai, katika ushahidi wake mwenyewe, alieleza kwamba ili kuupata mkataba huo alitoa dola milioni 2 kwa Rais wa wakati huo. Jopo likasema kwamba mkataba uliopatikana kwa hongo hauwezi kutetewa mbele yake, likatupilia mbali madai yote. Wanafunzi wa sheria Ulaya na Asia huisoma kesi hiyo. Huku kwetu, abiria hupita kila siku katika uwanja huo bila kujua kwamba jina la mji wao limo katika vitabu vya watu, na sababu si uvivu wa kusoma. Maandishi hayo hayajaletwa kamwe katika lugha ambayo watu hawa huisoma kwa raha.

Nisije nikaonekana nazungumzia mambo ya marais na makampuni makubwa peke yake, nitatoa mfano wa mtu wa kawaida. Yuko mzee mmoja wa Kibokoni, muuza mchele na viungo, ambaye kwa heshima namwita ami ingawa hatuna nasaba. Yeye na wenzake walinunua mchele wa magunia uliokuja kwa meli ya kukodi, na sehemu ya mzigo ikashushwa Kilindini ikiwa imeloa maji ya chumvi. Walipodai fidia walijibiwa kwa barua kwamba shauri lao litasikilizwa London. Mzee alinijia na hati ya shehena, ile karatasi ambayo mawakala wa kutoa mizigo bandarini huiita BL, akaniomba nimsomee mahali palipoandikwa hayo. Hapakuwa na mahali. Kulikuwa na mstari mmoja tu, wa herufi ndogo kama chawa, usemao kwamba masharti yote ya mkataba wa kukodi meli, pamoja na sharti la kupelekeana mbele ya mwamuzi, yamechukuliwa kuwa sehemu ya hati hiyo. Mkataba wenyewe wa kukodi ulikuwa kati ya mwenye meli na aliyeikodi. Ami hakuwahi kuuona. "Mwanangu," akaniambia, "mimi nalinunua mtele, hiyo London nalikwenda lini?"

Wanasheria wataniambia kwamba mstari huo ni wa kawaida kabisa katika hati za mizigo ya meli za kukodi, na kwamba mahakama za nchi nyingi hukubali kuwa mpokeaji wa mzigo hufungwa nao. Sipingi. Ninalolisema ni kwamba sheria yote ya uamuzi wa kibiashara imejengwa juu ya nguzo ya ridhaa: mtu hawezi kunyimwa mlango wa mahakama ya nchi yake ila kwa kukubali mwenyewe. Basi ridhaa ya mtu kwa sentensi asiyoweza kuisoma, inayorejelea hati asiyoweza kuiona, ni ridhaa ya namna gani? Watafiti wamehesabu wanawake wangapi na Waafrika wangapi huketi katika majopo, na ni vyema wamehesabu. Ningependa wahesabu pia watu wangapi waliofungwa na vifungu ambavyo hawakuwahi kusomewa kwa lugha yao. Ami na wenzake, kwa taarifa ya msomaji, waliacha. Gharama ya wakili wa London ingezidi thamani ya mchele.

Tukisema basi vifungu hivi viandikwe kwa Kiswahili ili viwe wazi, tutakumbana na tatizo la pili, ambalo ni letu wenyewe. Hatujakubaliana jambo hili tuliite nini.

Zingatia neno usuluhishi. Shina lake ni sulhu, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ya tangu hapo ni amani baada ya ugomvi. Anayesuluhisha huwakalisha watu barazani, akawapa kahawa, akamtaka huyu alegeze na yule alegeze, hata wakapeana mikono. Wasipopatana, kila mtu hurudi kwake na haki yake mkononi. Hakuna aliyeshindwa. Hicho ndicho anachokielewa mtu wa Mji wa Kale akisikia kwamba mzozo wake utapelekwa kwa usuluhishi. Lakini jambo analopelekewa silo. Mwamuzi wa kibiashara hapatanishi, anahukumu. Uamuzi wake hutekelezwa na Mahakama Kuu kama hukumu, na njia ya kuukatia rufaa ni nyembamba mno. Mwaka 2019, katika kesi ya Nyutu Agrovet dhidi ya Airtel, Mahakama ya Juu ya Kenya ilishikilia kwamba Mahakama Kuu ikishaamua ombi la kubatilisha uamuzi wa namna hiyo, rufaa zaidi itaruhusiwa katika hali za kipekee tu. Anayekwenda akidhani anaitiwa sulhu hukuta ameitiwa hukumu, tena ya mwisho.

Mkanganyiko huu haumo katika vichwa vya watu wa kawaida tu. Umo katika majina rasmi. Tanzania, ambayo kwa Kiswahili cha sheria imetutangulia kwa hatua nyingi, ina Sheria ya Usuluhishi ya 2020, na humo usuluhishi maana yake ni mwamuzi kutoa uamuzi unaofunga. Tanzania hiyo hiyo ina chombo cha mizozo ya kazi, kilichoundwa kwa sheria ya 2004, kiitwacho Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Katika jina hilo usuluhishi ni ile hatua ya kwanza ya kupatanisha, na jambo la kufunga linaitwa uamuzi. Neno moja, nchi moja, maana mbili zinazopingana. Huku Kenya hali si bora: nimesoma makala katika magazeti yetu ambamo usuluhishi, upatanishi na maridhiano hupokezana katika aya moja kama wachezaji wa akiba, pasi na kujulikana nani anacheza nafasi gani.

Lugha tuliyoikopa sulhu inazitenganisha dhana hizi waziwazi. Sulhu ni mapatano. Tahkimu ni kumfanya mtu kuwa mwamuzi wa mzozo. Majalla, yaani kitabu cha sheria za kiraia za dola ya Uthmaniya kilichokamilika 1876, kiliiwekea tahkimu vifungu vyake peke yake. Shina la tahkimu ndilo lililotupatia hakimu, hukumu na mahakama, kwa hivyo hatukukosa mahali pa kuchota. Sipendekezi tuirudie tahkimu yenyewe. Ni neno la kitabuni, na mwenye duka wa barabara ya Biashara hatalifahamu. Napendekeza uamuzi na mwamuzi. Kila shabiki wa kandanda anayesikiliza matangazo ya Kiswahili anajua mwamuzi ni nani. Ni yule ambaye timu zote mbili zimeingia uwanjani zikijua kwamba akipuliza kipenga limekwisha, apendwe asipendwe. Upatanishi nao ubaki kwa anayepatanisha, na usuluhishi uwe mwavuli wa njia zote za nje ya mahakama. Anayeona mgawanyo mwingine ni bora alete hoja zake. Nitafurahi kushindwa, mradi tuwe na mgawanyo mmoja unaoeleweka Nairobi, Dodoma na Zanzibar.

Huenda msomaji akadhani haya ni mabishano ya walimu wa lugha. Nasi tusogee sasa kwenye sheria ya Kenya yenyewe, tuone jinsi neno moja linavyoweza kula mali ya mtu.

Sheria yetu ya uamuzi ya 1995 inawapa wahusika uhuru wa kuchagua lugha ya shauri lao. Wakitaka Kiswahili, ni Kiswahili. Mwamuzi anaweza kuketi Ndia Kuu, akasikiliza mashahidi kwa Kiswahili, akaandika uamuzi kwa Kiswahili sanifu. Hadi hapo pana uungwana. Lakini uamuzi huo ukipelekwa Mahakama Kuu utekelezwe, kifungu cha 36 kinatamka kwamba ikiwa uamuzi au makubaliano hayakuandikwa kwa lugha ya Kiingereza, anayeomba sharti alete tafsiri iliyothibitishwa ya Kiingereza. Kiswahili hakikutajwa. Mbele ya kifungu hicho Kiswahili kimesimama mstari mmoja na Kichina, Kijerumani na Kireno.

Mwaka 1995 jambo hilo lilikuwa na udhuru wake, kwa kuwa Kiingereza kilikuwa ndicho lugha ya Mahakama Kuu kwa mujibu wa sheria ya mashauri ya madai. Sheria ya uamuzi ikafanyiwa marekebisho ya 2009, yaliyoanza kutumika 2010, na kifungu hicho hicho cha 36 kikaguswa, lakini sentensi ya Kiingereza ikaachwa. Agosti mwaka huo huo wa 2010 tukajipatia Katiba ambayo katika kifungu cha 7 inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na kwamba lugha rasmi za Jamhuri ni Kiswahili na Kiingereza. Kifungu cha 159 cha Katiba hiyo kikaziamuru mahakama ziendeleze njia mbadala za kutatua mizozo, uamuzi ukiwa miongoni mwake. Ukiviweka vifungu hivyo viwili vya Katiba kando ya ile sentensi ya kifungu cha 36, utaona lugha rasmi inayohitaji mkalimani ili iingie katika jumba la serikali yake.

Kinachonitia hofu zaidi ni kile kitakachotokea njiani. Tuseme wafanyabiashara wawili wameandika kwamba mzozo wao utamalizwa kwa usuluhishi, na mwamuzi akampa ushindi mmoja wao. Mshindi anampelekea mfasiri karatasi. Mfasiri, kwa nia njema kabisa, akalitafsiri usuluhishi kwa lile neno la Kiingereza lenye maana ya kupatanisha. Aliyeshindwa atasimama mbele ya jaji aseme: tulikubali kupatanishwa, hatukukubali kuhukumiwa. Na karatasi itamuunga mkono. Kila mwaka huwapa wanafunzi wangu wa tafsiri sentensi ya aina hiyo, na kila mwaka darasa hugawanyika. Sioni kwa nini wafasiri wa nje ya darasa wasigawanyike.

Pwani hii imewahi kuonja uamuzi uliotolewa mbali kwa lugha za watu wengine. Mwaka 1889 kampuni mbili za kigeni zilikuwa zikigombania haki ya kukodishiwa forodha na utawala wa kisiwa cha Lamu na Sultani wa Zanzibar. Moja ilikuwa kampuni ya Wajerumani wa Witu; nyingine ilikuwa kampuni ya kifalme ya Waingereza ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao yake hapa Mombasa. Serikali zao zilikubaliana kumpelekea shauri hilo Baron Lambermont, waziri wa Ubelgiji, naye akatoa uamuzi wake Brussels tarehe 17 Agosti 1889. Wajerumani walitegemea, pamoja na mambo mengine, ahadi walizosema walipewa kwa mdomo na Sultani Barghash, ambaye kufikia wakati huo alikuwa amekwisha kufariki. Lambermont alisema kwamba, ingawa hakuna sheria inayolazimisha umbo fulani la makubaliano, si desturi ya mataifa kufanya mapatano ya uzito ule kwa maneno matupu, na kwamba kutaja nia si kuafikiana. Akahitimisha kuwa Sultani Khalifa alikuwa huru kukikodisha kisiwa kwa Waingereza, naye akafanya hivyo kabla ya mwezi huo kwisha.

Mtu anaweza kukubali kwamba Lambermont aliamua kwa uadilifu, nami nakubali. Hata hivyo lipo jambo la lugha ambalo halipaswi kupita hivi hivi. Neno la mdomo mbele ya mashahidi lilikuwa na uzito mkubwa katika biashara ya pwani hii, na mwamuzi alilipima kwa mizani ya desturi za Ulaya kwa kuwa ndiyo mizani aliyokuwa nayo. Watu wa Lamu, ambao forodha ilikuwa yao, hawakuwa wahusika wa shauri. Baron yule angeweza kuwa mwema kuliko watu wote, na bado asingesikia lolote kutoka kwao.

Sasa tutazame reli ya kisasa, ambayo safari yake ya kwanza ilianzia Miritini mwaka 2017. Mikataba ya mikopo yake ilitiwa saini 2014 na benki ya Exim ya China. Mwaka 2019, makontena yalipolazimishwa kwenda bara kwa reli hiyo na riziki za madereva, makuli na wenye maghala zikayumba, watu wa Mombasa waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Waliandamana bila kuiona mikataba yenyewe. Wanaharakati wa Okoa Mombasa walilazimika kwenda kortini, na Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamuru mikataba itolewe. Serikali mpya iliyoingia mwaka huo ikachapisha sehemu yake mnamo Novemba. Ndipo tukasoma kwamba mikopo hiyo inaongozwa na sheria za China, na kwamba mizozo itaamuliwa Beijing, mbele ya tume ya China ya uamuzi wa uchumi na biashara ya kimataifa.

Sitadai kwamba mikataba hiyo ingekuwa nafuu kama ingeandikwa kwa Kiswahili. Mkopeshaji mwenye nguvu huchagua uwanja, na lugha peke yake haimnyang'anyi nguvu hizo. Lakini ingekuwa sheria kwamba mkataba wowote wa serikali wenye kifungu cha kutupeleka mbele ya mwamuzi wa nje utolewe pamoja na muhtasari wa Kiswahili, mtu wa Changamwe angeuliza habari za Beijing mwaka 2014, wakati kuuliza kulikuwa na faida. Mwaka 2022 tulichobakiwa nacho ni kushangaa.

Najua pingamizi nitakalopewa, maana nimekwisha kupewa katika mikutano ya wasomi. Husemwa kwamba Kiingereza ndiyo lugha ya biashara ya ulimwengu na kwamba kutaka uamuzi kwa Kiswahili ni mapenzi ya nyumbani. Wanaosema hivyo, nionavyo, huitazama bahari tu na kuisahau barabara. Tazama magari yanayotoka Kilindini yakipita Makupa. Mengi hayaishii Nairobi. Yanakwenda Kampala, Kigali, Bujumbura, na hadi Goma na Bukavu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tangu 2014 imo katika Mkataba wa New York. Mfanyabiashara wa Goma amesoma kwa Kifaransa. Wa Mombasa amesoma kwa Kiingereza. Wanapopigiana simu kupatana bei ya nguo, saruji au samaki wakavu, hawatumii kimojawapo cha hivyo viwili. Wanatumia Kiswahili, kila mmoja chake, na wanaelewana hadi senti ya mwisho. Mkataba wao ni wa kimataifa kwa tafsiri yoyote ya sheria. Kuuandika kwa Kiingereza ni kumlazimisha mmoja wao atie saini asichokijua.

Na kama ni uwezo wa lugha unaotiliwa shaka, Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Si kazi iliyokamilika, na mfano wa usuluhishi nilioutoa unaonyesha upungufu wake, lakini lugha hukomaa kwa kutumiwa. Umoja wa Afrika nao ulikipokea Kiswahili kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Jijini Arusha kuna Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ambayo kwa kifungu cha 32 cha mkataba wa Jumuiya inaweza kuwa mwamuzi wa mkataba wa kibiashara iwapo wahusika wameichagua. Ni wafanyabiashara wangapi wa Mombasa wanaojua kwamba mlango huo upo, tena upande wa pili tu wa Taveta? Huo ni utafiti ambao mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili angeufanya katika muhula mmoja kwa nauli ya matatu.

Kuna na utafiti mwingine, mzito kidogo. Katika nyumba za Mji wa Kale zimo hati za zamani za biashara, nyingine kwa hati ya Kiarabu na lugha ya Kiswahili, zikiwa zimefungwa vitambaa ndani ya makasha. Nimeonyeshwa baadhi. Humo mna madeni, ushirika wa majahazi, dhamana, na namna watu wa jamii mbalimbali walivyoahidiana kumalizana. Kila nyumba kongwe inayobomolewa kupisha ghorofa huondoka na makasha yake. Wanasheria hawawezi kuzisoma hati hizo peke yao, na wanaisimu hatuwezi kuzielewa peke yetu. Vyuo vyetu vya pwani vingekalisha idara hizo mbili meza moja, wanafunzi wa uamuzi wa kimataifa wasingelazimika kuanzia somo lao London kila mara.

La sheria ni jepesi kuliko yote. Bunge halihitaji sheria mpya. Katika ile sentensi ya kifungu cha 36, mahali palipoandikwa lugha ya Kiingereza paandikwe mojawapo ya lugha rasmi za Jamhuri, na sheria ya mashauri ya madai ilinganishwe nayo. Wabunge wa Mvita, Nyali, Likoni na wenzao wanaweza kuliwasilisha hilo bila kuigharimu hazina. La istilahi lipelekwe kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyo na makao yake Zanzibar, pamoja na wanasheria wa nchi zote wanachama, nao wakae hadi watoke na neno moja kwa dhana moja.

Wakati tunayasubiri hayo, mfanyabiashara anayeandikiana na mwenzake wa Goma au wa Pemba anaweza kuanza kesho asubuhi. Kifungu kama hiki kinatosha, na wakili wake akipime kabla hakijatiwa saini: "Mzozo wowote utokanao na mkataba huu utaamuliwa na mwamuzi mmoja atakayeteuliwa na pande zote mbili, shauri litasikilizwa Mombasa, kwa lugha ya Kiswahili, na uamuzi wake utakuwa wa mwisho na utazifunga pande zote." Nimeandika utaamuliwa, sikuandika utasuluhishwa. Mji umetajwa, kwa kuwa mji ndio unaobainisha ni mahakama za nchi gani zitakazousimamia uamuzi. Lugha imetajwa, kwa kuwa isipotajwa na wahusika, mwamuzi ndiye atakayewachagulia. Pasipopatikana maelewano juu ya uteuzi, waongeze jina la chombo kitakachoteua kwa niaba yao, kwani watu waliokwisha kugombana hawakubaliani hata juu ya kikombe cha kahawa. Kisha kifungu kisomwe kwa sauti, pande zote mbili zikisikia, na atakayesita kwenye neno lolote aelezwe neno hilo kabla ya kalamu kuguswa.